Biti yangu, sauti yake: albamu ya remiksi imetugombanisha

SWALI

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni prodyuza wa hip hop hapa Morogoro, nina miaka 31. Studio yangu ni chumba kimoja cha kupanga huko Kihonda. Ukutani nimebandika vipande vya godoro, dirisha nimeliziba kwa blanketi kwa sababu ya kelele za bodaboda. Sina lebo wala mfadhili. Mchana natengeneza simu za watu, usiku natengeneza biti.

Tangu mwaka 2016 nimewarekodi wachanaji wa mitaa ya huku bure. Anayekuja na mistari ya kweli namfungulia mlango. Mwenye hela ya umeme anachangia, asiye nayo anarekodi hivyo hivyo. Na nimetunza kila kitu, Mjomba: kila vesi, kila kiitikio, hata kikohozi cha mtu kabla hajaanza mstari.

Mwaka jana nikapata wazo. Nichague nyimbo 12 kati ya hizo, nitoe biti zangu zote, nibaki na sauti tupu, halafu niwatumie maprodyuza wenzangu, kila mmoja aujenge wimbo upya kwa mkono wake. Nimewapata tisa: wawili wa Dar, mmoja wa Mwanza, mmoja wa Unguja, wawili wa Nairobi, mmoja wa Mombasa, mmoja wa Bujumbura na mmoja wa Lubumbashi. Hakuna aliyenidai hata senti. Kazi zilipoanza kurudi nilikuwa silali. Unamsikia mtu uliyemrekodi kwenye joto la Kihonda akichana juu ya gitaa la Kikongo, na unaona kabisa alistahili hivyo tangu mwanzo.

Sasa shida. Nyimbo nne kati ya hizo ni za rafiki yangu tuliyeanza naye darasa la kwanza. Mmoja aliuandika baada ya kumzika baba yake, mzee aliyekata mkonge Kimamba karibu maisha yake yote. Mna mstari unaosema, "Baba amelala, mkonge bado unakatwa." Siku ya kurekodi alisimama mara tatu, hakuweza kuumaliza. Wimbo huo nilimtumia kijana wa Manzese anayetengeneza singeli. Akautoa kwenye mapigo 92 kwa dakika akaupeleka 210, sauti akaipandisha ikawa nyembamba kama ya mtoto, na lile neno "amelala" akalikata likawa "lala-lala-lala", ndiyo kiitikio. Kusema kweli ni moto. Nilipowachezea vijana pale nje waliruka.

Nikamwita rafiki yangu aje asikie. Nilitaka kumfurahisha, sikuwa nimemwambia chochote kabla. Alivaa hedifoni, akasikiliza kama nusu dakika. Akazivua taratibu, akaukunja waya wake vizuri kabisa, akaziweka mezani. Akasema, "Huyu siyo mimi, na yule siyo baba." Akatoka. Kesho yake akanitumia ujumbe kwamba nyimbo zake zote nne nizitoe kwenye albamu.

Mjomba, nimeumia. Biti ilikuwa yangu, maiki yangu, umeme wangu. Hajawahi kunilipa hata shilingi. Wimbo ule bila mimi ungebaki kwenye daftari. Ninafikiria kuutoa tu, maana nisipokuwa naye albamu inabaki nyimbo nane. Tarehe nimeshatangaza, ni mwezi ujao, na fundi wa kumasta, yaani wa kusawazisha sauti ya albamu nzima mwishoni, nimeshamlipa nusu, laki mbili.

Kuna jambo jingine linaloninyima usingizi zaidi ya hilo. Mchanaji mmoja kwenye albamu ni marehemu. Alikufa mwaka 2021 kwa ajali ya pikipiki. Aliniachia vesi moja ambayo haijawahi kusikika popote. Mama yake anauza chai na vitumbua karibu na stendi ya Msamvu. Napita pale kila asubuhi, ananiwekea viwili vya moto, na mpaka leo sijamwambia kwamba sauti ya mwanawe ninayo kwenye hadi disiki.

Na yule wa Unguja ametumia vipande vya kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) na fidla alivyovikata kwenye santuri ya zamani ya taarab ya babu yake. Anasema ni ya zamani sana, haina mwenyewe. Je, ni kweli? Na hela zikiingia, hata kama ni kidogo, tunagawanaje watu wote hawa?

Nisaidie, Mjomba.
Prodyuza, Morogoro


JIBU

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako niliisoma jana usiku, nikairudia leo kabla ya chai. Kwanza nikupongeze kwa kutunza sauti. Mimi nimeingia studio za Dar mwishoni mwa miaka ya tisini, na najua ni kazi ngapi nzuri zilifutwa kwa sababu mkanda ulitakiwa kurekodia mtu mwingine kesho yake. Wewe ulikuwa unaweka akiba ya mji mzima bila kutumwa na mtu.

Sasa tuje kwenye hili unalolishikilia: biti yangu, maiki yangu, umeme wangu. Ni kweli yote. Lakini tazama ulichokifanya kwa mikono yako. Ulikaa kwenye kompyuta ukazima ngoma, ukazima besi, ukazima kinanda, ukabaki na sauti yake peke yake, ukaituma Manzese. Biti yako haimo tena humo. Kwenye ile singeli hakuna hata pigo moja lililotoka kwako. Cha wimbo wa zamani kilichobaki ni yeye tu: pumzi yake, maneno yake na msiba wake. Kwenye wimbo wa kwanza unaweza kusimama ukasema nusu ni yako, na mimi nitakuunga mkono. Kwenye remiksi nusu yako umeitoa mwenyewe.

Sheria inasema karibu hayo hayo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu anapotunga, awe amesajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Bara, au hajasajili. Kuigeuza kazi yake iwe kazi nyingine kunahitaji ruhusa yake. Ana pia haki ya kutajwa jina na haki ya kukataa kazi yake isivurugwe, na haki hizo anabaki nazo hata akishauza zile za fedha. Wewe kama uliyerekodi una haki zako, wala sikunyang'anyi, ila haziifuti yake. Nakueleza haya si kwa sababu naona atakupeleka mahakamani. Nataka uelewe kwamba anapokataa hakuletei maringo, anatumia kilicho chake.

Na kuhusu kutokulipa: ulimrekodi bure kwa hiari, na ulifanya vizuri. Wema ule usiugeuze deni leo, miaka kadhaa baadaye, kwa sababu umehitaji kitu kwake. Kama ulitaka malipo ya namna hiyo ilitakiwa ayajue siku ile anaingia mlangoni.

Niliwahi kukaa upande wake. Nilipiga kinanda kwenye wimbo mmoja, prodyuza akachukua kile kipande akakiingiza kwenye wimbo wa mtu mwingine kabisa. Nilikisikia nikiwa kwenye daladala, nimesimama, nimeshika bomba. Watu wanatikisa vichwa, na mimi nataka kusema "hicho ni mimi" na siwezi, maana jina langu halikuwapo hata kwenye kava ya kaseti. Hela ningeisahau. Kilichoniuma ni kwamba hakuniambia, na namba yangu alikuwa nayo.

Hapo ndipo ulipokosea, mpwa wangu, na ni kosa moja tu. Remiksi yenyewe haina kosa. Kuchukua sauti ya huku ukaiweka juu ya mapigo ya kule ndiko hip hop yetu ilikotokea: mwaka 1991 Saleh Jabir alichana Kiswahili juu ya biti ya Vanilla Ice, mchanaji wa Marekani, na biti ile yenyewe besi yake ilitoka kwenye wimbo wa Waingereza, bendi ya Queen na David Bowie. Singeli nayo haina kosa, naipenda. Ulichokosea ni kumpa mtu sauti ya rafiki yako bila kumuuliza, halafu ukamfanyia jambo la kumshtukiza kwenye wimbo wa baba yake. Ulitegemea afurahi papo hapo, umekaa mbele yake, unamtazama usoni.

Na yule kijana wa Manzese usimlaumu. Ulimtumia faili la sauti na namba ya mapigo. Ulimwambia kwamba yule "baba amelala" amelala kaburini? Yeye alisikia neno lenye silabi nzuri, akalikata. Ndiyo kazi yake na ameifanya kwa ustadi. Mpigie simu umweleze, maana kwa sasa huenda anajiona ameharibu.

Kwa rafiki yako nenda kwa miguu yako. Usimtumie sauti ya WhatsApp wala usimtume mtu. Nenda jioni, mikono mitupu, bila laptopu, maana ukifika na laptopu ataona umekuja kumbembeleza asikilize tena. Mwambie umekosa kutuma bila kuuliza, na umekosa kumwita asikilize bila kumwandaa. Halafu nyamaza. Atasema mengi, mengine hayatakuwa ya haki. Yaache yapite. Na umwambie wazi kwamba wimbo wa baba yake umeshautoa, kabla hajauliza na bila kuuwekea sharti. Usiende na jambo hilo kama kitu cha kupatana.

Nyimbo tatu zilizobaki ni habari nyingine, na nina hakika alizikataa kwa hasira ya ule mmoja. Siku nyingine, yeye mwenyewe akitaka, mchezee. Mwache achague: huu sawa, huu sauti yangu msiiguse, huu hapana. Akikataa zote, albamu iwe na nyimbo nane. Nyimbo nane zenye wenyewe waliokubali ni albamu. Nyimbo 12 ambazo mmoja wa wachanaji anageuza uso redio ikizipiga ni mzigo utakaoubeba mtaani kwenu kila siku, na Kihonda siyo kubwa kiasi hicho.

Kuna njia moja nataka uijue, ila usimwambie mpaka mmeshapatana kabisa. Mapigo 210 nusu yake ni 105. Mchanaji anaweza kukaa juu ya singeli akachana kwa 105 na akasikika mtu mzima anayetembea kwa hatua zake, huku ngoma zikikimbia chini. Hapo huna haja ya kuivuta sauti ya zamani ya 92 wala kuipandisha iwe ya mtoto. Anakuja, anarekodi vesi mpya, kwa maneno anayoona yeye yanachezeka. Anaweza akawa na mistari ya furaha ambayo hujawahi kuisikia kwa sababu biti zako zote za 2016 zilikuwa za huzuni. Kazi ya yule kijana inaokoka, na wimbo wa mzee unabaki ulivyo.

Safari ijayo, unapotuma sauti kwa mtu, tuma na karatasi. Mashairi yote yameandikwa, chini yake sentensi mbili za wimbo unahusu nini, na mstari usioguswa umewekewa alama. Faili ziwe WAV, zile kubwa zinazotunza sauti yote, bila mwangwi wala kitu kingine ulichoongeza, zote zianzie sekunde sifuri hata kama mchanaji anaingia dakika ya pili, ili mwenzako wa Lubumbashi akiziweka kwenye programu yake zikae mahali pake bila kubahatisha. Lakini kabla ya kubonyeza kutuma, mwenye sauti awe ameshajua sauti yake inakwenda kwa nani.

Hiyo inawahusu na wachanaji wengine. Hukuniambia kama uliwauliza, na jinsi ulivyoandika nadhani hukuwauliza. Wapitie mmoja mmoja wiki hii.

Taarab ya Unguja. Hapana, mpwa wangu, "ya zamani sana" haimaanishi haina mwenyewe. Santuri ina wenyewe wa aina mbili: aliyetunga muziki na mashairi, na aliyeimiliki rekodi. Ulinzi wa mtunzi kwa sheria yetu ya bara unadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa, na Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Mtunzi wa taarab aliyekufa miaka ya themanini bado ana warithi wenye haki, na huko visiwani si vigumu kuwajua, majina ya vikundi na familia watu wanayo midomoni. Watu wengi wanaofanya remiksi huangalia sauti wakasahau ala. Mwaka 2004 prodyuza wa Marekani, Danger Mouse, aliweka sauti za mchanaji Jay-Z juu ya vipande vya muziki wa bendi ya Beatles, akaiita The Grey Album. Upande wa Jay-Z ulikuwa mwepesi, maana sauti zile zilitolewa rasmi bila biti ili watu wazichezee. Barua za mawakili zilitoka upande wa ala: kampuni ya EMI, iliyoshika rekodi za Beatles, ilimtaka aache kuisambaza.

Ukipiga upya kile kipande kwa mkono, umeondoka kwenye rekodi lakini muziki bado ni wa mtunzi, ruhusa yake bado unaihitaji. Ningekuwa wewe ningemwambia huyo wa Unguja atafute mpiga kanuni atunge kitu kipya kwa ajili ya wimbo huu. Hapo Mji Mkongwe kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kipo tangu 2002, kinafundisha hasa ala hizo. Mpiga kanuni kijana, saa mbili za studio, malipo halali na jina lake kwenye wimbo. Mtapata kanuni iliyorekodiwa safi, isiyo na mikwaruzo, na iko kwenye ufunguo wa sauti ya mchanaji wenu badala ya ninyi kuivutavuta. Na kama kinachowavutia ni ile mikwaruzo ya santuri yenyewe, basi fuateni warithi. Kuna wanaokubali kwa furaha, wakiulizwa.

Wote tisa waulize swali hilo hilo kwa maandishi: kuna sauti yoyote humu ambayo hukuipiga wewe? Mwingine amenunua vipande mtandaoni ambavyo watu mia wengine wanavyo, na siku unapandisha YouTube mfumo wao unaugawia wimbo wako mtu wa nchi ambayo hujawahi kuisikia.

Fedha. Desturi ya hip hop kwa wimbo wa kawaida ni nusu maneno, nusu biti. Remiksi ina mtu wa tatu, kwa hiyo itabidi mkubaliane, na ningependekeza hivi kwa kila wimbo, baada ya kutoa gharama ambazo kila mtu ameziona kwenye karatasi: mchanaji 45, aliyefanya remiksi 35, wewe 20 kwa kurekodi sauti na kuibeba kazi nzima. Wachanaji wakiwa wawili, zile 45 wanagawana. Pengine utaona 20 ni kidogo. Lakini wewe uko kwenye nyimbo zote, wao kila mmoja yuko kwenye wimbo wake. Wakitaka namna nyingine sikilizeni, muhimu iandikwe na kila mmoja atie saini. Ukurasa mmoja kwa kila wimbo unatosha: jina la wimbo, majina halisi na ya sanaa, namba za simu, asilimia, tarehe. Picha ya karatasi iliyosainiwa itumwe kwa wote.

Ongezeni mstari mmoja pale chini ambao watu huusahau: nani ana kauli ya mwisho wimbo ukitakiwa kwenye tangazo la biashara au kampeni ya siasa. Hela za kusikilizwa mtandaoni zitakuwa kidogo na hazitawagombanisha. Zitakazowagombanisha ni za siku mtu atakapopiga simu akitaka sekunde 30 za kiitikio kwa ajili ya bidhaa yake au mgombea wake, na hapo kila mmoja atakumbuka mapatano kwa namna inayomfaa. Kauli hiyo mpeni mwenye sauti.

Tarehe uliyotangaza, isogeze. Waambie watu imesogea, hawatakufa. Fundi wa kumasta mwombe akungoje. Laki mbili haijapotea, ila itapotea akimasta leo nyimbo ambazo nusu yake zitabadilika. Zikishakamilika, mpe zote kwa pamoja kutoka kwa watu wale wale tisa, sauti zikiwa hazijabanwa, faili za WAV za 24-bit, kilele kikiwa chini ya sifuri kwa desibeli nne au tano. Vyumba tisa tofauti lazima vipite kwenye sikio moja ndipo vitasikika kama albamu. Na kila remiksi ichukue namba yake mpya ya ISRC, ile inayotambulisha kila rekodi, usirudie ile ya wimbo wa kwanza.

Nimemwacha mama wa Msamvu mpaka mwisho kwa sababu naona ndiye aliyekufanya uandike.

Kisheria haki za yule kijana ziko kwa warithi wake, kwa hiyo huwezi kuitoa vesi ile bila familia. Lakini hata sheria isingekuwapo ungelazimika kwenda, na unajua, ndiyo maana vile vitumbua vinakukaa kooni. Usimwambie pale stendi. Pale ana moto, ana wateja, ana mabasi yanayopiga honi, na hutaki apate sauti ya mwanawe huku mtu anamdai chenji. Muulize siku gani hafanyi kazi, mwambie una jambo la marehemu ungependa kulileta nyumbani. Nenda na mtu mzima anayeheshimika kwao, au mwenzenu mmoja aliyekuwa rafiki wa kijana. Kaa. Msalimie vizuri. Mweleze una nini kabla ya kumchezea, na umuulize kama anataka kusikia leo au siku nyingine. Akisema leo, mchezee sauti peke yake, bila biti, bila remiksi ya mtu. Ana haki ya kumsikia kwanza kama alivyokuwa akiongea nyumbani. Usimkatize akilia na usiharakishe kumwambia habari ya albamu. Pengine itakuwa ni safari ya pili.

Ukifika kwenye albamu, mwambie kwa maneno ya kawaida: kuna wenzetu wametengeneza muziki mpya chini ya sauti yake, tungependa watu waisikie, jina lake litaandikwa, na sehemu yake ya hela itakuja kwako kwenye simu yako. Muulize pia kama ndani ya vesi kuna neno ambalo lisingempendeza litoke. Yeye ndiye anayejua ndugu na majirani waliotajwa. Akikubali, naye anasaini kama wengine, na kwenye ule ukurasa jina lake liwe la kwanza.

Na akikataa, vesi inabaki kwenye hadi disiki, nakala moja zaidi ukaitunze mahali pengine, maana hizo hadi disiki hufa. Lakini lolote atakalosema, usiondoke kwake bila kumwachia flashi yenye sauti ya mwanawe. Iweke kwa MP3, mpwa wangu, siyo WAV. Redio nyingi ndogo za mezani WAV hazisomi, na wewe hutakuwapo usiku atakapotaka kuiwasha.